Umri wa Dzombo Waanikwa

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Sumeiya mjini Kilifi, habari ilikuwa moja tu: programu ya simu ya chama cha kuzikana imemwanika Dzombo. Miaka yote yeye hujiita wa arobaini na tano. Jana kila mwanachama kafungua simu, kaona: sitini na mbili!

Swafwan, aliyeiunda programu hiyo, alijikunyata nyuma ya kompyuta yake.

“Haya, Injinia,” alianza Nyale, ambaye wote humwita Redio. “Mzee wetu umemvulia nguo hadharani kwa nini?”

“Mzee ni babako!” Dzombo alifoka. “Nataka kumuoa Kamaria, na tangu jana hashiki simu yangu!”

“Wallahi nimeteleza,” Swafwan akasema. “Kila mwanachama ana klasi yake...”

“Klasi? Huyu shule ilimshinda!”

“Si darasa, Redio! Ni umbo la mwanachama ndani ya programu: jina, simu, mwaka wa kuzaliwa. Ule mwaka niliuacha pablik, kurasa zote zikawa zinauchukua zitakavyo. Ungekuwa praivet, ungeguswa na klasi yenyewe tu.”

“Hakuna katikati?” Sumeiya aliuliza, akimimina kahawa.

“Ipo, protekted. Hiyo huachiwa pia klasi zinazoirithi hii, zilizojengwa juu yake.”

“Warithi?” Dzombo aliruka. “Hao ndio usiwaonyeshe kabisa!”

Swafwan alibadilisha neno moja, pablik ikawa praivet. Programu ikagoma: ukurasa wa wanachama haukuufikia tena mwaka. Akaandika njia moja ya pablik ya kuulizia umri, kila aulizaye ajibiwe “mtu mzima”. Ndipo akapumua. Ndoa ya watu kuvunjwa na neno lake moja, angeificha wapi sura?

Mara Kamaria huyo, anatweta. Dzombo akavua kofia.

“Purity wa jirani kanionyesha simu yake. Kweli una sitini na mbili?”

“Kamaria, nisikize...”

“Alhamdulillahi! Nami silali, simu sishiki, nawaza watu watasema nimeolewa na mtoto!”

Redio alicheka hadi akamwaga kahawa. Dzombo naye akakenua meno yote, kisha kicheko kikamkatika.

“Ngoja kwanza. Kwani wewe una mingapi?”

“Mimi si mwanachama,” Kamaria akajibu, akajisogezea kikombe.

Dzombo alimwinamia Swafwan sikioni.

“Injinia, huyu msajili leo leo. Na mwaka wake uuache pablik.”