Shemeji, Njoo Uchukue Friji Lako

Musoma,
13 Machi 1991

Mpendwa Shemeji Bernado,

Dada yako Eufrasia ni mzima kuliko sisi wote, na ndiyo sababu ya barua hii. Tangu biashara zifunguliwe ukatuletea friji kutoka Mwanza, nyumba yangu imepata serikali ya pili. Nalalamika kwa adabu kama ifuatavyo.

1. Zamani sato akishapikwa alikuwa analalaga kwenye sufuria mpaka asubuhi, na hatukuona shida. Sasa mchuzi ukipoa tu, dada yako anamgawa kwenye vikopo, anabandika tarehe, anagandisha. Mimi sina cheti cha kuzaliwa. Sato anacho.

2. Mzee Leonardi alifika kutoka Butiama bila taarifa, ana njaa. Nikaomba kopo liwekwe dirishani, juani, liyeyuke haraka. Eufrasia akajibu, "Samaki anayeyukia humo humo ndani ya friji, huku chini, mpaka kesho. Mgeni atakula maharage." Na ziwa lote hili mbele yetu, mgeni wangu akala maharage.

3. Siku ya kumpasha, lazima achemke mpaka katikati, afuke moshi, tena mara moja tu. Kinachobaki hakirudi kwenye friji hata nikipiga magoti.

Ijumaa Eufrasia alikwenda msibani Kiabakari, nami nikajirudishia uhuru wangu. Nilitoa sangara, nikamweka dirishani tangu asubuhi, jioni nikampasha vuguvugu, nikala kidogo, nikamgandisha tena. Jumapili nikamyeyusha vilevile, nikawaandalia kamati ya kigango, kikanisa chetu cha mtaani, watu wazima sita, mimi wa saba. Kikao hakikufungwa kwa sala. Tulikuwa tunapokezana choo, na mwenyekiti, Mzee Machage, hakuweza kungoja zamu yake.

Ni wazi, shemeji, friji lako lina upendeleo: dada yako linamtii, mimi linanihujumu. Naomba ulichukue kabla halijavunja kigango.

Wasalimie Ursula, watoto, na yule fundi aliyenisifia friji hilo.

Ni mimi shemeji yako, katika udhaifu wa mwili,
Apolinary Burito

N.B. Naandika nikiwa wodini, kitanda kimoja na Mzee Machage. Leo tumeruhusiwa kula. Eufrasia ametuletea sato wa kopo la tarehe 5, anafuka moshi, tumemmaliza mpaka kichwa. Usije. Ila ukipata vikopo vyenye mifuniko, tuma saba. Kamati nzima imeagiza.