Ufunguzi wa Daraja la Hisia Njema

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Naibu wangu, aliyepata udhuru aliposikia kuna jua. Waheshimiwa mliokaa, wananchi mliosimama, na ndugu wa nchi jirani mnaotusikiliza kutoka ng'ambo ya mto: itifaki imezingatiwa. (Makofi, safu ya mbele.)

Mimi, Mkurugenzi wa Hisia katika Mahusiano ya Kimataifa na Ujenzi wa Dola, nimekuja kufungua daraja ambalo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, litapunguza chuki kwa asilimia sitini na tatu, wivu kwa arobaini, na kununa kwa awamu. Wapo wanaodai dola hujengwa kwa saruji. (Kicheko.) Dola hujengwa kwa moyo.

Nasema kwa uzoefu. Miaka sita nimeongoza ujumbe wetu kwenye mazungumzo ya daraja hili, vikao arobaini na viwili, meza ileile, na ajenda ya kwanza hatujaigusa, kwa sababu sisi tulipata uhuru siku kumi na moja kabla yao, kwa hiyo wao ndio wadogo, na mdogo ndiye anayetoa shikamoo. Hawakutoa. Eti mkurugenzi wao amenizidi umri. Sasa niishushe bendera kwa ajili ya mvi za mtu? Nikanuna kwa niaba ya taifa, hadi nikapata vidonda vya tumbo. (Makofi. Mtu anaguna.)

Namwona mkunga wa zahanati amenyoosha mkono. Sema, mama, kwa ufupi.

(Mkunga: "Mheshimiwa, mama yangu yuko pale ng'ambo, na macho yanamfifia. Nataka anione kabla hayajazima. Si mngewaamkia tu, yakaisha?")

Swali zuri. Uchungu wako tumeupokea, na tumeupa namba ya jalada.

(Mkunga anageukia mto: "Shikamoo, mama!" Sauti ya kizee inajibu kutoka ng'ambo: "Marahaba, mwanangu. Umekula?")

Katibu, andika kwamba hiyo ilikuwa salamu binafsi, haihusiani na msimamo wa taifa. Nami nina mama, jamani. Tuendelee.

Upendo, udumu! Jirani, aanze! (Sauti mbili zinaitikia.)

Nahitimisha kwa kumshukuru fundi rangi, aliyelichora daraja kwenye turubai hili nyuma yangu kwa ustadi hata dereva wangu nusura apite. Sasa nakata utepe. Mama mkunga, tafadhali usilishike, rangi bado mbichi.