Mitaro Mitatu ya Mto Nyamunyu

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Barua kutoka wizarani. Wakaguzi wanakuja Alhamisi! Wanataka kuona mitaro mitatu ya kutoa chumvi kwenye mashamba ya kando ya Mto Nyamunyu. Mitaro ambayo mimi, Jamaldini, Meneja wa Mradi, niliripoti tangu mwezi wa tano kwamba imekamilika kwa fedha za serikali.

Mmoja upo. Saruji ya ile miwili iko salama kabisa: nimejengea nyumba. Vyumba vinne, baraza, bati la rangi. Hapa Ng'hambala hakuna ya pili.

Dosari moja tu. Ukuta wa nyuma umeota weupe. Mstari ulionyooka, kimo cha goti. Nimeuonja. Chumvi. Mke wangu Rukaya anasema wiki iliyopita ulikuwa kwenye kifundo cha mguu, unapanda. Nimemwambia yeye ndiye aache kutia chumvi.

Jumanne, 2 Agosti

Ng'ombe! Kumi na mmoja, uani, asubuhi kweupe, bila mchungaji. Hawalii, hawagombani. Wanalamba ukuta. Ukiwa chumbani unazisikia ndimi: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anapiga msasa bila haraka. Nimewafukuza kwa fagio. Wamesogea hatua tatu, wakanitazama, wakarudi.

Mstari umefika kiunoni.

Hanifu, fundi wa maji wa mradi, ameeleza bila kuombwa. Eti nilijengea mchanga wa mtoni na maji ya mtoni. Eti chumvi ya ardhini, isipopata mtaro wa kutokea, hupanda popote inapopata njia. Nimemuuliza nani kamwomba mhadhara. Nimepaka chokaa ukuta mzima, nikasimama kuufurahia.

Saa nane mchana chokaa ikaanza kubanduka. Vipande vipande, yenyewe. Hakukuwa na upepo wowote.

Jumatano, 3 Agosti

Amekuja Bi Anyesi, mkulima wa bondeni. Nimemwamkia shikamoo. Ameitikia marahaba, kisha akaweka vitunguu vyake mezani. Vidogo kama punje za maharage, vimeota ukungu mweupe. Amesema kisima cha shule nacho kimeharibika, watoto wanatapika darasani. Akauliza mtaro wa pili unafunguliwa lini. Nimemjibu kwamba utekelezaji unaendelea vizuri.

Akautazama ukuta, mstari uko kifuani sasa, akautazama tena.

"Bwana Mradi," akasema, "hii chumvi imetoka mtoni inakutafuta."

Akaondoka. Chai ilinishinda.

Lakini saa nne nikapata wazo, tena wazo kubwa! Mtaro mmoja, njia tatu. Wageni pori hawalijui. Nitawazungusha na Landrova: kwanza tunatokea mashariki, kisha kusini, kisha magharibi. Mtaro ni uleule, upande tofauti. Hanifu atakuwa anabadilisha vibao: Na. 1, Na. 2, Na. 3. Amekataa. Nimemwahidi likizo. Amekubali.

Alhamisi, 4 Agosti

Mkaguzi ni Bi Batuli, mama mfupi, mkimya, viatu vyenye soli ya michirizi mirefu. Amefuatana na Batholomeo wa mkoani, ambaye nafasi yangu anaitamani mpaka anaota.

Mtaro Na. 1: Bi Batuli alishuka mpaka kwenye tope, akachovya kidole, akaandika. Vizuri! Tukazunguka vichakani dakika arobaini. Mtaro Na. 2: tuliutazama kutoka juu ya tuta. Batholomeo alikuwa anasinzia garini. Vizuri zaidi!

Na. 3 tulifika saa saba. Jua la utosini. Kila kitu cheupe, mtu haoni hata kivuli chake. Hakuna ndege, hakuna chura, hata nzi. Nikaanza hotuba yangu na nikashtuka kuisikia sauti yangu peke yake mahali pale.

Bi Batuli hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama chini. Tope la asubuhi lilikuwa limekauka, na chumvi imejaa kwenye nyayo za viatu, zinang'aa kama zimechorwa kwa chaki. Akainua mguu, akauweka juu ya unyayo mmoja. Ukaingia sawasawa.

"Bwana Jamaldini," akasema polepole, "hapa nilishafika."

Batholomeo akaamka. Huyo hakosi mambo mazuri.

Ijumaa, 5 Agosti

Nikiwa msikitini, ukuta wa nyuma umeanguka. Umeangukia kitanda cha Rehani, mwanangu wa miaka minne. Rukaya anasema zile ndimi ghafla zilinyamaza zote kwa pamoja. Ukimya ule ulimtisha, akamnyakua mtoto, akatoka. Hakufika hata jikoni, ukuta ukaanguka.

Nimewakuta ng'ombe ndani. Thelathini na zaidi. Wamesimama chumbani kwangu, kimya, wanalamba vifusi. Nilikaa vumbini nikalia.

"Baba Rehani, mimi nakwenda Kondoa kwa mama," amesema Rukaya. Hakupandisha sauti. Basi la saa tisa limewachukua.

Bi Batuli ameamuru mtaro wa pili uanze kuchimbwa leo leo. Nimeona watu wakishuka bondeni na majembe, Bi Anyesi mbele. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu: sitadanganya tena maishani.

Jumatano, 24 Agosti

Dodoma mjini, kwa binamu yangu Mudrick, Chang'ombe. Barua ya kuachishwa kazi nimeipata. Meneja mpya ni Batholomeo, bila shaka. Hanifu ameandika kwamba mitaro yote mitatu inatiririka, na maji ya kisima cha shule yanaanza kunyweka. Rukaya hajajibu barua zangu mbili.

Nimetafakari sana. Nimekiri kosa langu mbele ya Mudrick, kiume: nilichagua mradi ambao mkaguzi anaweza kuukanyaga.

Siku hizi ni ruksa, mtu yeyote anasajili chama chake cha maendeleo. Na wafadhili wanatafuta miradi ya nyuki kule Chemba! Mizinga mia mbili, juu ya miti mirefu. Mkaguzi gani atapanda kuchungulia kama ndani kuna nyuki?

Ripoti ya kukamilika kwa mradi nimeshaiandika. Ombi la fedha nitaandika kesho.