Gari la Wenyewe Kumi na Saba

Kikundi cha Gari Miteja,
Kilwa.
28 Novemba, 1994

Ndugu Mkaguzi wa Magari,
Kilwa Masoko.

YAH: GARI LETU KUKATALIWA MARA TATU

Ndugu Mkaguzi,

Pokea salamu zetu, na pole kwa kazi ya kuinama chini ya magari ya watu kutwa nzima. Sisi huku Miteja ni wazima sote, isipokuwa gari.

Mimi ni Sipriani Likwata, Katibu wa kikundi hiki. Nilikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika mpaka chama kilipobaki jina na ghala likabaki popo. Kwa hiyo barua ninajua kuziandika, na karatasi za kaboni ninazo, kwani siku ya kufunga ofisi kila mtu aliondoka na alichokuwa amekishika. Nakala ya barua hii inabaki katika faili la kikundi, ili wenzangu wote waisome.

Utakuwa unatukumbuka. Sisi ndio wenye ile pikapu nyeupe ya Kijapani, kuukuu huko ilikotoka lakini mpya kwetu, tuliyoifuata Dar es Salaam mwezi wa tisa. Tuliinunua kwa sababu moja. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, hapa kwetu huja mnunuzi mmoja, na lori lake moja, na mzani wake mmoja, na mzani huo una tabia ya kuliona kila gunia jepesi. Kule Nangurukuru wanunuzi ni wengi na wanagombania. Mwenye gari hupeleka korosho zake zinakogombaniwa, asiye na gari hukaa na huo mzani.

Msimu uliopita nilimwona Bi Kijakazi, mjane wa hapa mtaani kwetu, magunia yake yakipimwa kama yamejaa makapi. Alikaa juu ya gunia la mwisho akakataa kushuka. Watu wa mnunuzi wakamwinua kwa mikono, wakapakia, lori likaondoka. Alilia mbele za watu, mtu mzima yule, na mimi karani wa zamani nilisimama pale na kalamu yangu sikioni. Niliona aibu kubwa sana. Siku hiyo ndipo nilipopata wazo la gari, na wazo lilikuwa langu, ingawa watu hawapendi kulikumbuka hilo. Tukachanga watu kumi na saba, na Bi Kijakazi akiwemo.

Sasa korosho ziko ndani, zimekauka, zimefungwa. Mvua zikianza sawasawa, mto Matandu utajaa na njia itafungwa, na tutabaki na yule wa mzani mpaka mwakani. Na bila stika yako ya ukaguzi kwenye kioo hatuvuki kizuizi cha Nangurukuru tukiwa na magunia. Kwa hiyo stika hiyo kwetu si pambo. Naomba sasa nieleze malalamiko yetu kwa utaratibu.

1. KUHUSU MSTARI. Safari ya kwanza tulikuja watatu: dereva wetu Iddi, ambaye ana leseni lakini hana hisa, Mwenyekiti wetu Mzee Abdurahmani, ambaye ana hisa lakini hajui kuendesha, na mimi. Ulituambia mambo mawili: jina la mwenye gari liandikwe mlangoni kwa rangi, na mwenye gari aje mwenyewe kutia sahihi kwenye fomu. Tulikubali. Lakini Ndugu Mkaguzi, mstari wa "Jina la Mwenye Gari" katika fomu yenu una urefu wa kidole changu cha mwisho. Nilipoomba karatasi ya nyongeza kwa ajili ya wenyewe kumi na saba, ulicheka. Sikukiingiza kicheko hicho kwenye muhtasari wa mkutano, lakini ninakikumbuka.

2. KUHUSU RANGI. Tulirudi tukaandika majina kama ulivyoagiza. Fundi rangi alikuwa Tomaso, mwenzetu, ambaye huandika majina ya mashua kule Somanga. Alianza na jina lake, katikati ya mlango wa dereva, kwa herufi za mashua. Wengine tukabanana pembeni. Jina la mwenzetu Mastura lilianzia mlango wa kushoto likamalizikia kwenye dirisha. Mzee Abdurahmani alikataa kukaa mlangoni, mahali ambapo watu hugonga miguu wakipanda, akasema Mwenyekiti hukaa mbele. Basi akaandikwa kwenye kioo cha mbele, yeye, baba yake na babu yake, na cheo. Bi Kijakazi siku hiyo alikuwa shamba, tukamtafutia nafasi nyuma, nafasi yenyewe ikawa juu ya kibao cha namba. Tulipokuja safari ya pili, wewe ukaandika kwamba dereva haoni na namba haisomeki.

Kuhusu dereva kutoona, Iddi alikuwa anaona. Alikuwa anatazama kupitia matundu ya herufi, na kutoka Miteja mpaka Masoko hakugonga kitu isipokuwa mbuzi mmoja, ambaye naye hakuwa upande wake.

3. KUHUSU KUITWA MZIGO. Hili limetuumiza kuliko yote. Ulisema mwenye gari aje mwenyewe. Mwenye gari akaja. Tulikuwa kumi na saba, na Iddi wa kumi na nane, na wewe ukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba gari limezidisha mzigo.

Ndugu Mkaguzi, mzigo ni nini? Mzigo ni kitu cha mtu kinachobebwa na gari. Sisi hatukubebwa na gari, sisi tulikuwa ndani ya mali yetu. Mtu akiwa na watoto kumi nyumbani kwake huwezi kusema nyumba imezidisha mzigo. Nami nikuambie kwa nini hatukuweza kuja pungufu. Tuliporudi safari ile ya kwanza, wale kumi na watano waliobaki walitunusa. Walisema tunanuka samaki wa kukaanga. Ni kweli tulikula samaki pale sokoni, kila mtu kwa mfuko wake, lakini nani atakuamini ukisema hivyo huku unanuka? Mkutano ukaamua kwamba gari halitatoka tena kijijini bila wenyewe wote kuwa juu yake.

4. KUHUSU BREKI NA KUBADHI. Siku hiyo hiyo ulituomba tushuke ili upime breki. Tulichelewa kushuka, nakiri. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenziwe ashuke kwanza. Mwishowe tulishuka kwa makubaliano kwamba kila mtu aache kitu chake garini kushika nafasi, kama watu wanavyofanya kwenye foleni ya zahanati. Yakabaki makanga, mikoba, jembe moja na kuku wa Mastura. Mzee Abdurahmani aliacha kubadhi yake ya mguu wa kulia, kwenye sakafu, upande wa dereva.

Ukapanda, ukakanyaga breki, haikushuka, ukaandika kwamba breki ni mbovu. Breki si mbovu. Ulikuwa unakanyaga kubadhi. Tulikueleza, tukapaza sauti wote kumi na saba kwa wakati mmoja ili uelewe vizuri, ukasema hiyo kubadhi inabaki ofisini kama ushahidi. Tangu siku hiyo Mwenyekiti wetu anakwenda msikitini na kubadhi moja na ndara moja ya mjukuu wake, na watu wanamwuliza.

5. KUHUSU KIOO CHA PEMBENI. Baada ya kukataliwa mara ya pili, kijijini yalianza maneno. Mmoja alisema amemwona Tomaso akilizunguka gari peke yake. Tomaso akasema yeye amemwona huyo aliyemwona. Ikabidi mkutano upitishe kanuni, na kanuni niliiandika mimi: kila jioni, baada ya swala ya magharibi kwa Waislamu na baada ya kengele kwa Wakristo, kila mwenye hisa achukue kipande kimoja cha gari akalale nacho. Funguo anazo Mzee Abdurahmani. Usukani kwa Tomaso. Kioo cha pembeni kwa Mastura. Betri kwa Bi Kijakazi, naye huifunika kanga. Mimi nina gurudumu la mbele la kushoto, liko chini ya kitanda, na mke wangu Theresia ameacha kusema nami vizuri tangu lilipoingia. Kila asubuhi tunakusanyika kuliunga gari, na mpaka jua linapowaka sana linakuwa limekamilika. Nakuomba unitajie gari jingine lolote katika wilaya hii lenye ulinzi wa namna hiyo.

Safari ya tatu tulikuja watatu tu, tusiitwe mzigo. Majina ya kwenye kioo cha mbele na kwenye kibao cha namba tulikuwa tumeyakwangua. Mzee Abdurahmani aliapa kwa Msahafu na mimi kwa Biblia kwamba hatutagusa samaki. Alfajiri ya siku hiyo Mastura alipata habari ya msiba kijiji cha Pande, akaondoka mbio, na kioo cha pembeni ndani ya mkoba wake, kama kanuni inavyotaka. Wewe ukaandika: "Kioo cha pembeni hakipo." Ndugu Mkaguzi, kilikuwepo. Kilikuwa msibani. Na ulitukataa wakati magunia ya watu yanangoja, ukaendelea na gari lililofuata, la mtu mmoja aliyekuja amevaa saa, na gari lake hata majina halina ila lake.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Gari letu lipewe stika kabla ya mvua.

(b) Kubadhi irudishwe.

(c) Mstari wa jina urefushwe, au sisi tuhesabiwe kuwa mtu mmoja.

Ombi hili la tatu ndilo kubwa. Siku hizi kila mtu anatafuta chake. Ushirika umekufa, kila mmoja amejifungia na magunia yake, na watu wanasema huo ndio wakati mpya. Sisi Miteja tumekataa. Sisi tuna gari moja, kauli moja na roho moja. Huwezi kumtoa mmoja wetu ukabaki na gari, kama ambavyo huwezi kutoa betri ukabaki na gari. Jina la mmoja likiandikwa peke yake kwenye fomu ile, umeua kumi na sita. Nayasema haya nikiwa na uchungu wa kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama na kalamu sikioni siku ile, na sitaki kusimama hivyo tena.

Tunakutakia kazi njema. Nisalimie wote hapo kituoni, na yule mama wa chai anayewatilia tangawizi, na yule aliyetugongea mhuri wa "IMEKATALIWA", naye hana kosa, mhuri ni wa ofisi. Mzee Abdurahmani anakusalimu, anasema anaisalimu na kubadhi yake.

Wako mtiifu, kwa niaba ya wenyewe wote,

Sipriani Likwata,
Katibu.

TANBIHI. Sehemu hii nimeiandika baada ya kutoa karatasi ya kaboni.

Ndugu Mkaguzi, nimefikiri. Jina "Sipriani Likwata" nimelipima kwa kidole changu cha mwisho, linaenea kwenye mstari na nafasi inabaki. Naomba liandikwe hilo peke yake. Wazo lilikuwa langu, na wenzangu nitawaangalia. Nina habari kwamba Mzee Abdurahmani alikuja kwako Ijumaa na jogoo akiomba jambo kama hili kwa jina lake, na Tomaso naye anasema ameitwa Masoko kuandika mashua, ingawa mashua hakuna. Nakuomba usiwasikilize, ni watu wabinafsi.

Bi Kijakazi naye alikuja nimwandikie, kwa kuwa hajui kusoma. Naambatisha karatasi yake yenye dole gumba, kwa sababu tu bahasha ni moja. Anasema jina lake lisirudishwe popote, gari liandikwe jina la yeyote yule, hata la Iddi, mradi litoke. Mambo ya hisa hayaelewi vizuri.

Kisha amefanya jambo ambalo halimo katika kanuni. Juzi alirudisha betri garini, na jioni hakuichukua. Wenzake walimtazama. Jana asubuhi Mastura akarudisha kioo, Tomaso akarudisha usukani, na leo Mzee Abdurahmani ametoa funguo mbele ya watu bila kuambiwa. Magunia yamekwisha pakiwa, ya Bi Kijakazi yako juu kabisa. Iddi ameshika usukani na anapiga honi hapa nje mlangoni kwangu tangu nilipoanza ukurasa huu. Gari lina kila kitu, isipokuwa gurudumu moja. Wamesema wataondoka hivyo hivyo bila stika, wakakuombe wenyewe, kabla Matandu haujajaa. Theresia ameinua shuka, ametazama chini ya kitanda, na sasa amekaa ananitazama mimi.

Kwa hiyo nakuomba unijibu haraka, kabla sijafungua mlango.

Uniwie radhi kwa wino uliotawanyika hapa chini. Paa letu linavuja.