Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Jumatatu, 10 Februari 2025

Daktari amesema moyo umechoka. Niepuke mishtuko, chumvi na ngazi. Hakusema siku ngapi zimebaki, lakini alipokuwa akinieleza alinitazama viatu, si uso. Daktari hatazami viatu vya mtu atakayeishi.

Basi naungama. Humu tu, na daftari linafungwa kwa kufuli.

Kwa miaka thelathini na moja nilifundisha ufundi wa chuma na mbao. Nusu ya mafundi wa Malindi wamepita darasani kwangu. Wananiita Mwalimu Shukri, wananipisha njiani. Na sijawahi hata siku moja kuwasha mashine ya kunoa! Shule ilikuwa nayo moja, lakini karakana haikuwa na umeme. Wanafunzi walisimama mbele yake wakijifanya wananoa. Mngurumo niliufanya mimi, kwa mdomo. Umeme ulipofika, mashine ilikuwa imeshaliwa na kutu, nami nikastaafu mwaka uleule. Nilimshukuru Mungu kwa yote mawili.

Mpango: nikijifunza kabla sijafa, sitakuwa mwongo. Nitakuwa nimechelewa tu.

Nimeagiza mashine kutoka Mombasa. Upande mmoja ina jiwe la kunolea, upande wa pili mkanda wa msasa unaozunguka. Nimemwambia mke wangu, Nana, kwamba ni ya kunolea mbuzi yake ya kukunia nazi, maana Ramadhani iko karibu. Akauliza tangu lini nikashughulika na nazi.

Swali lile sikulipenda.


Jumanne, 11 Februari

Mashine imefika, ila ilishushwa dukani kwa Dhirajlal. Huyu ni jirani yetu, anauza misumari, rangi na mabomba, na mlango wa nyuma wa duka lake unatazama ua wetu. Boksi limechanika pembeni. Anasema ni panya wa kwenye basi. Panya gani huyo anayechana boksi la mashine ili asome?

Akaniuliza, kwa upole mno, mwalimu mzima wa ufundi ananunua mashine uzeeni ya nini. Nikamwambia ni ya mazoezi ya viungo. Tangu adhuhuri amefagia kizingiti chake mara nne. Kizingiti hakina uchafu.

Nimefungua karatasi ya maelezo. Vaa miwani ya kazi. Simama pembeni unapowasha. Usivae nguo inayoning'inia. Yote hayo niliyafundisha, alhamdulillahi. Halafu mstari wa saba: usivae glavu kamwe, jiwe likiinasa glavu litauvuta mkono.

Nimeusoma mara tatu. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikausoma tena.

Katika kitabu changu cha kufundishia, ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa umeliwa na mchwa. Ulikuwa ukurasa wa mavazi. Nikaujaza mwenyewe kwa akili yangu. Nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, miaka thelathini na moja: VAENI GLAVU.

Na Kaingu hana ncha ya kidole cha shahada.

Kaingu alikuwa mwanafunzi wangu bora. Leo ana karakana yake mtaa wa Kisumu Ndogo, hapahapa Malindi. Kila tukikutana hunipa mkono uleule, nami huushika na kuuliza hali ya watoto. Sijawahi kumuuliza kidole kilikwenda wapi. Leo najua kwa nini sikuuliza.


Jumatano, 12 Februari

Sikulala vizuri. Nikifa na kidole cha mtu shingoni, nitajibu nini? Lazima nimwombe Kaingu radhi. Lakini kwanza nijue mashine. Siwezi kuungama jambo nisilolielewa.

Karatasi inasema jiwe likaguliwe kabla ya kufungwa. Litundikwe kidoleni, ligongwe kwa mpini wa mbao. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa hutoa sauti butu, na likizunguka linaweza kupasuka na kuruka vipande.

Nimegonga. Kimya. Nimegonga tena. Kimya kabisa!

Nikaenda kwa Dhirajlal mbio, kwa kadiri ya mbio zangu. Nikamwambia jiwe limepasuka likiwa dukani kwake. Akalichukua, akaligonga, akasema linalia vizuri sana. Nikamwambia sijasikia kitu. Akasema hilo ni jambo jingine. Ujeuri! Wakati huohuo Nana akapiga kelele kutoka jikoni akiuliza nani anagonga kengele, aingie au aondoke.

Kifaa changu cha sikio kilikuwa kwenye kisahani, karibu na kitanda. Sijamwambia mtu.

Nilitaka kuiweka mashine mezani hivihivi, ina uzito wake. Dhirajlal akasema, bila kuulizwa, isipofungwa kwa bolti itatembea mpaka iniangukie miguuni. Nikajua anataka kuniuzia bolti. Akanipa nne bure, akatoboa meza mwenyewe, akazikaza. Sasa namshuku zaidi.


Alhamisi, 13 Februari

Leo nimewasha!

Miwani usoni. Kiegemeo, kile chuma cha kuegemezea kinachonolewa, nimekisogeza mpaka milimita tatu kutoka kwenye jiwe, nikapima kwa rula ya shule. Nikasimama pembeni, nikabonyeza, nikaiacha izunguke dakika nzima kabla ya kuigusa. Haikupasuka. Mimi pia sikupasuka.

Lakini ule mlio! Ni mwembamba, unapanda juu kama mbu aliyekasirika. Wangu wa mdomo ulikuwa mzito, wa tumboni. Miaka thelathini na moja nimefundisha sauti isiyokuwapo!

Kisha mbuzi ya Nana. Nikaufungua ule ulimi wa chuma kutoka kwenye kigoda chake, nikauweka kwenye kiegemeo, nikausogeza taratibu kushoto na kulia kama inavyotakiwa. Cheche zikaruka hadi mlangoni. Nikanoa mpaka ukang'aa, laini kama wembe. Nilijiona fundi.

Nana akakaa juu ya mbuzi kukuna nazi ya mchana. Nazi ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza, ikabingirika chini ya kabati. Akapitisha kidole kwenye ulimi. Akaniuliza meno yako wapi.

Meno. Mbuzi ya nazi hukuna kwa meno! Nimeyanoa yote yakaisha.

Ilikuwa ya mama yake, ilitoka Mambrui. Mchana tumekula wali mkavu bila tui, kila mtu akitazama sahani yake. Mwisho Nana akasema atamwita Kaingu aje atie meno mapya. Nikasema fundi yeyote, ila si Kaingu. Akauliza kwa nini. Nikasema Kaingu ana kazi nyingi. Akasema ameshampigia simu, atakuja Jumapili, na alifurahi mno kusikia habari zangu.

Alifurahi kwa nini?


Jumamosi, 15 Februari

Jana sikuandika. Baada ya swala ya Ijumaa nililala nikingojea moyo uamue. Haukuamua.

Leo nilitaka kumpoza Nana. Kigoda cha mbuzi yake kina vibanzi vinavyomchoma. Nikasema nitakilainisha kwa mkanda wa msasa. Kwanza nikafagia vumbi la chuma lote, kwa sababu cheche na unga wa mbao havikai pamoja. Hilo nililitii. La nguo inayoning'inia pia nililitafakari sana. Nikaamua kwamba kikoi hakining'inii. Kikoi kimefungwa.

Mkanda haukukubaliana nami.

Ulikamata pindo, ukavuta. Nikajikuta nimelala kifudifudi juu ya meza, kitambaa kikiingia kwenye mashine na mimi nikikifuata. Niliita, lakini nani angesikia na mlio ule? Ghafla kimya. Dhirajlal alikuwa ameruka kizingiti chake, mzee wa miaka sabini na nne, akachomoa plagi ukutani, ufagio bado mkononi.

Kikoi kilikuwa vipande. Nikabaki na chupi ya kaptura. Dhirajlal akageuza uso ukutani kwa heshima, akanipa mfuko mtupu wa saruji.

"Mwalimu, siku tano hizi nafagia," akasema. "Mgongo unaniuma. Utamaliza lini?"

Nikamuuliza nani amemtuma. Akasema Nana. Kumbe! Tangu boksi lifike, Nana amemwomba aniangalie. Njama ya watu wawili, ndani ya ua wangu!

Akauliza kama moyo uko salama. Nikaugusa. Ulikuwa unadunda kama wa kijana. Nao nimeanza kuushuku.


Jumapili, 16 Februari

Kaingu amekuja saa nne na tupa yake. Akanipa shikamoo na mkono ule. Nilipanga hotuba ya kurasa mbili. Nilipokiona kidole nikasahau yote.

Nikamwambia kila kitu. Mchwa. Ukurasa. Glavu. Mngurumo. Nikamwambia nakufa, na sitaki kwenda na kidole chake, aniwie radhi kama anaweza, na kama hawezi aseme. Nana akasimama mlangoni na upawa. Nikasikia ufagio wa Dhirajlal ukisimama.

Kaingu aliendelea kuchonga jino moja la mbuzi mpaka mwisho. Akalipuliza. Nilidhani moyo utasimama hapohapo.

"Mwalimu," akasema, "hiki kilichukuliwa na mashine ya miwa ya shangazi yangu Jedida. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuja darasani kwako nikiwa hivi hivi."

Nikamwambia haiwezekani. Nilimfundisha miaka minne.

"Ulikuwa unatazama kitabu, Mwalimu."

Hakuisema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angeisema kwa ubaya.

Nikauliza habari ya glavu. Akacheka mpaka akaweka tupa chini. Akasema watoto wa vijiji vya Ganda na Kakuyuni, wengine bila viatu, glavu wangezitoa wapi? Hakuna aliyevaa hata mmoja. Siku ya kwanza kazini fundi mkuu alimwambia mikono mitupu, basi.

Kwa hiyo waliokolewa na umaskini, na kutonisikiliza.

Na ule mngurumo? Akasema kila mtu anaujua. Karakanani kwake umeme ukikatika, mafundi wote hunguruma kwa mdomo, na wanaita "kumwasha Mwalimu". Akaufanya pale pale, mzito, wa tumboni. Nana akacheka hadi upawa ukamponyoka. Upande wa pili wa ukuta Dhirajlal naye akaunguruma! Hata yeye anaujua!

"Radhi nimekupa," Kaingu akasema. "Pamoja na ya miwa, kama unaitaka."

Machozi yalinitoka. Nimeandika ni vumbi la chuma.

Kabla ya kuondoka alikata plagi ya mashine kwa koleo, akaitia mfukoni. Akaniapisha mbele ya Nana kwamba sitaiwasha tena. Nikaapa. Kwa moyo wote.

Mbuzi ina meno. Jioni tumekula wali wa nazi, na Nana ameniongeza mwenyewe.


Jumatatu, 17 Februari

Nimeamka mzima. Nimepanda ngazi mbili kwa makusudi. Hakuna kitu! Daktari yule alikuwa anavitamani viatu vyangu.

Nimewaza sana. Kaingu ana vijana tisa karakanani, na wote wanajifunza mngurumo usio sahihi, tena kwa jina langu. Nikifa hivi, utabaki hivyo milele. Nahitaji kuusikia ule wa kweli mara moja tena, dakika moja, nikiwa na kifaa cha sikio, ili niurekebishe mdomoni. Na kiapo, ukikichunguza, kilihusu mashine isiyokuwa na plagi.

Saa tatu nikaenda dukani kwa Dhirajlal. Nikaomba plagi moja. Nikamwambia ni ya pasi.

Akaacha kupanga misumari. Akauliza tangu lini nikapiga pasi.

Swali lile sikulipenda.