Ukaguzi wa Visiwa

Watu wanaoishi kwa jasho lao huamka wakitafuta kazi. Ratiba aliamka akitafuta mtu. Mtu huyo alimpata Jumanne moja, saa nne asubuhi, katika duka la fotokopi ambamo alikuwa amekodi meza moja nyuma ya mashine na kuiita ofisi kuu.

Jina la Ratiba alipewa mtaani, kwa sababu hakuwahi kumuuzia mtu safari bila ratiba iliyochapwa vizuri: siku ya kwanza mapokezi, siku ya pili ngome, siku ya tatu visiwa. Ratiba zake zilipendeza sana. Kilichokosekana kila mara ni safari yenyewe. Kuna maharusi aliowauzia fungate, wakakaa stendi na masanduku yao mapya mpaka jua likazama, wakisubiri basi ambalo halijaundwa bado. Alipoulizwa kama hakuwaonea huruma, alijibu kwamba ndoa hujengwa kwa majaribu, na yeye aliwapa la kwanza kwa bei nafuu.

Basi Jumanne hiyo mama mmoja mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, alimpa mwenye duka karatasi.

"Nitolee nakala tano, na usinikatie pembeni."

Mwenye duka alikuwa na tabia ya kusoma mambo ya watu kwa sauti. "Umoja wa Wastaafu wa Hospitali. Matembezi ya mji wa kale na visiwa vyake. Wanachama arobaini."

Arobaini! Wastaafu arobaini, maana yake viinua mgongo arobaini vimelala benki bila mtu wa kuviamsha. Ratiba alinyanyuka, akameza mate, akanyoosha tai, akawa mtu wa heshima. Kazi yote hiyo ilimchukua sekunde tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kuingilia. Nimesikia visiwa, moyo ukashtuka. Mji ule ndio shamba langu mimi. Pale ngomeni walinzi wananiita mjomba."

"Kumbe! Sisi tunatafuta mtu wa kutupangia, ila tunaogopa matapeli."

"Mna haki," alisema Ratiba kwa uchungu wa kweli. "Wamejaa. Mimi wamenichafulia jina mno."

Ukweli ni kwamba hakuwahi kutia mguu katika mji ule. Bahari aliijua kwa kalenda ya ukutani, na siku pekee aliyopanda kivuko cha mto alitapika kabla hakijang'oa nanga.

Kesho yake alikaribishwa nyumbani. Mama yule aliwahi kuwa matroni wa wodi kwa miaka thelathini, na kila mtu alimwita Matroni, hata mumewe. Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu, na umojani aliingia kwa mgongo wa mkewe. Alikuwa ametandaza ramani ya pwani juu ya meza ya chakula, kila pembe ameikandamiza kwa kikombe, na ameiinamia na kioo cha kukuzia kama anatafuta chawa.

"Kaa, mwanangu," alisema Mpima bila kuinua kichwa. "Dirisha la hoteli linaangalia wapi?"

"Baharini, mzee."

"Bahari iko pande tatu."

"Zote tatu, mzee."

Mpima akaandika. "Na kutoka langoni mwa ngome mpaka juu kwenye mizinga, ngazi ngapi? Goti langu la kushoto lina mipaka yake."

"Chache tu."

"Chache si namba."

"Ishirini na mbili."

"Na hiki kisiwa cha ndege. Maji yakipwa, mtu anavuka kwa miguu?"

"Kwa wateja wangu, mzee, maji hupwa."

Matroni alileta chai na biskuti mbili. Moja akampa mumewe, moja akala mwenyewe, mgeni akaachiwa mvuke.

"Wanachama wako tayari," alisema. "Ila ni wazee walioumwa na nyoka, wakiona ung'ongo wanashtuka. Hawataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wamesema wajumbe wawili watangulie kukagua."

"Wajumbe gani?"

"Sisi."

"Na mkishakagua?"

"Tukirudi tukasema kuzuri, wote arobaini wanalipa siku hiyo hiyo, taslimu, juu ya meza hii."

Ratiba aliitazama meza. Tayari aliiona imefunikwa.

"Na huo ukaguzi," aliuliza, "unagharimiwa na nani?"

Matroni alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeuliza kama sindano inauma. "Mwanangu, anayeogopa kupoteza chambo hula nini?"

Wahenga walishasema yote yanayohusu tamaa, na Ratiba aliyajua yote kwa moyo, kwa kuwa aliwaona wateja wake wakiyasahau kila siku. Aliyasahau na yeye. Akatoka pale akipiga mluzi.

Nyumbani, mke wake alikuwa na friji kubwa nyeupe aliyokuwa akigandishia barafu za kuuza. Friji hiyo ndiyo iliyowalisha miezi ambayo mume hakupata mjinga.

"Mke wangu, friji inaguruma. Naipeleka kwa fundi."

"Mbona haigurumi?"

"Umezoea tu."

Jioni friji ilikuwa jikoni kwa watu wengine, imetulia kimya. Ratiba akaenda kununua tiketi mbili, na kwa mara ya kwanza maishani akanunua tiketi ambazo basi lake lipo. Uaminifu, kama viatu vipya, humbana asiyeuzoea.

Siku ya pili ya ukaguzi simu ililia.

"Mwanangu," alisema Matroni, "dirisha linaangalia ukuta. Niwaambie wanachama arobaini waje kuangalia ukuta?"

"Hapana, mama! Hamieni chumba kingine. Natuma hela sasa hivi."

Siku ya tatu alipiga Mpima. "Ngazi ni mia moja na kumi na nne. Nimezihesabu mimi, na goti nalo limezihesabu. Hapa hotelini kuna bwana wa kukanda viungo."

Ratiba akamlipia bwana wa kukanda.

Siku ya nne ilibainika kwamba maji ya kisiwa cha ndege hayana habari na wateja wa Ratiba, hayakupwa. Ikabidi ikodiwe boti. Jioni zikaingia picha: Matroni amekaa juu ya mzinga, Mpima amevaa kofia pana na samaki mzima mbele yake, kichwa mpaka mkia. Ratiba alizitazama akiwa amekula mkate mkavu.

Siku ya sita Matroni aligundua kisiwa cha tatu. "Hakimo kwenye ratiba yako, na mnara wake wa taa ni mzuri ajabu. Tuongeze siku nne. Ukaguzi nusu ni kama dozi nusu, mwanangu, ugonjwa hurudi na nguvu."

Akauza simu yake kubwa, akabaki na kadogo ka tochi kasikopokea picha. Hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoipata mwezi huo.

Mke naye alikuwa amechoka. "Fundi gani anakaa na friji siku kumi? Anaizalisha?"

"Vumilia, mke wangu. Wiki hii hii nitakununulia mbili."

"Mimi nakwenda kwa mama. Friji ikipona, nipigie." Akabeba sanduku lake na sufuria zote mbili. Usiku ule Ratiba alilala akiisikiliza nyumba, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba friji kweli ilikuwa ikiguruma kidogo, na ngurumo ile alikuwa akiipenda.

Wajumbe walirudi Jumamosi, weusi kwa jua, wamenenepa mashavu. Jumapili asubuhi Ratiba alifika na kitabu kipya cha risiti. Sebuleni akamkuta kijana mtanashati mwenye mkoba wa ngozi, akizungumza na Mpima juu ya ramani nyingine, ya milima na maporomoko ya maji. Matroni alimdaka Ratiba mlangoni, akamvuta jikoni.

"Mama, wanachama wako wapi?"

"Wapo kwenye orodha."

"Nataka watu, mama, sitaki orodha!"

"Kumi na tisa tumezika. Waliobaki wamehamia kwa watoto wao. Tunaokutana ni mimi na mzee, na kwa katiba yetu akidi inatimia."

Ratiba alishika ukingo wa sinki. "Mmenitapeli."

"Nani? Sisi tulisema tukirudi tukasema kuzuri, watalipa. Tumerudi. Nani amesema kuzuri? Dirisha liliangalia ukuta, ngazi ulidanganya, maji hayakupwa. Hatukuridhika."

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda, baba. Ukifika utajitambulisha wewe ni nani?"

Ratiba alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akainamisha kichwa. Matroni, aliyewahi kuona wanaume wakubwa wakilia kwa kubadilishwa bandeji tu, alimpa biskuti.

"Unajua nini kilichokuangusha?" alisema kwa upole. "Ulidhani mjinga lazima awe mtu mwingine."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya kijana, laini kama mafuta ya nywele, ikimhakikishia Mpima kwamba walinzi wa maporomoko ni ndugu zake wa damu. Ratiba aliinua kichwa. Aliijua sauti ile kama anavyoijua yake. Angeweza kutoka na kumwambia kijana mwenzake, kimbia.

Alimaliza biskuti kwanza.

"Safari hii wajumbe ni wangapi?" aliuliza.

"Wawili," alisema Matroni. "Ila umoja wetu hauna katibu."

Wakaingia sebuleni pamoja. Kijana alisimama kwa adabu, akampa Ratiba mkono kwa mikono yote miwili.

"Kaka, ndiyo nilikuwa namuuliza mzee. Hao wanachama wako tayari kweli?"

"Wako tayari kabisa, wanakusubiri wewe tu," alisema katibu mpya, akavuta kiti, akataka kujua chumba chake kitakuwa ghorofa ya ngapi.