Chumvi Kidogo Tu Kwenye Kibao

Jumatatu, 4 Agosti
Kazi imepatikana! Bosi wa karakana yetu ya vibao kapewa kazi ya kuweka vibao vipya kwenye hifadhi ya wanyama, kule mbugani. Mafundi tunaokwenda ni wawili, mimi na Rula. Rula ni mwanyumba wangu, tumeoa mtu na dada yake, na mistari yake imenyooka mpaka inaudhi. Atakayemfurahisha mhifadhi mkuu ndiye atakayechora bango kubwa la getini na kuandika jina lake pembeni. Jumapili mama mkwe atapita hapo na kina mama wenzake wa chama. Mama mkwe huyuhuyu aliyesema mbele ya watu kwamba Rula ni fundi, mimi ni mpaka rangi! Bango ni langu, potelea mbali.

Jumanne, 5 Agosti
Nyasi hadi kiunoni, upepo, mavi ya nyati kila mahali. Rula kapewa kibao cha kambini, mimi cha bwawa la viboko. Kamaliza mapema, akaanza kupiga mluzi. Nikawaza: wageni wamefuata nini huku, mistari au wanyama? Wanyama! Na mnyama gani hapendi chumvi? Nimekoroga pakiti nzima kwenye rangi. Akili nyingine jamani, sijui natoa wapi.

Jumatano, 6 Agosti
Ushindi! Pundamilia, swala, nyumbu, wote kwenye kibao changu. Wageni wanapiga picha mpaka wanasukumana. Mhifadhi mkuu kanipa mkono.
Jioni mambo yamechacha kidogo. Wamelamba herufi zote. Dereva mmoja kakosa njia, kawapeleka wageni wake kwenye choo cha askari wa hifadhi. Mhifadhi kauliza kulikoni. Nikamwambia mvua. Akatazama juu, hata wingu la dawa hakuna. Rula kacheka mpaka kakaa chini, eti maandishi yangu hata nyumbu kaona afute. Imeniuma! Nimeandika upya, bila chumvi.

Alhamisi, 7 Agosti
Haki ni haki. Rula alipokwenda kula, nimemwagia nguzo yake maji ya chumvi, ndoo nzima. Nilitaka swala wawili watatu tu wamlambie herufi, tutoke sare.
Kaja tembo! Hakulamba. Kang'oa nguzo na kibao chake, kaondoka navyo taratibu. Kibao cha kambini kikawa kinatembea juu ya nyasi, na magari mawili ya wageni yanakifuata. Rula machozi yakamlenga. Nimemkumbatia, nikamwambia pole sana mwanyumba, ndiyo kazi. Mhifadhi kasema basi, bango achore huyu ambaye kibao chake angalau kimesimama. Mimi! Nimecheza peke yangu nyuma ya stoo.

Jumamosi, 9 Agosti
Bango limekamilika. Simba, nyasi, jua, na twiga mrefu kweli, mpaka nimeomba ngazi. Rula ndiye aliyeishika. Raha iliyoje! Jina langu chini kulia, jekundu. Mhifadhi kapiga marufuku chumvi, sijui nani kamnong'oneza. Lakini mama mkwe asipolitazama jina, nimefanya kazi bure. Nimepitishia chumvi kwenye jina tu. Kidogo. Mnyama avute macho, macho yatue kwenye jina.

Jumapili, 10 Agosti
Mama mkwe kafika. Akamkuta ngiri kapiga magoti chini ya bango, analamba kwa moyo wote. Jina limekwisha lote. Mama mkwe kashika kiuno, kalitazama bango, kasema aliyechora hapa ni fundi haswa. Kisha akamkumbatia Rula! Akapiga naye picha, na Rula, mtu mzima hana haya, akatabasamu tu. Nikasema ni mimi. Mama mkwe akaniambia nisiwe na wivu, nimletee maji.
Lakini kanisifu! Kwa mdomo wake mwenyewe. Hajui tu kwamba ni mimi. Mwezi ujao chama chake kinarudi, na kosa nimeshaliona: jina lilikuwa chini mno. Kesho naliandika juu kabisa, juu ya kichwa cha twiga niliyemchora, na chumvi kidogo. Nimemuuliza askari wa getini kama kuna mnyama wa hapa anayeweza kufika kule. Kamtazama twiga wa kwenye bango, kanitazama mimi, kasema nikimaliza nimwite, atakuja na kiti.
Hata yeye anataka kuona!